Mrejesho: mwanangu mwenye usonji, Mikindani

Niliuliza nimsaidieje mwanangu wa miaka 5, hasemi, akitaka kitu anagonga kichwa ukutani. Mkanishauri kadi za picha, njia iliyobuniwa Marekani mwaka 1985.

Nilichora korosho kwenye kipande cha boksi. Shangazi yake akakaa nyuma yake, akimwongoza mkono anipe kadi bila kumsemesha. Akinipa tu, papo hapo namtilia korosho kiganjani, nasema "korosho!" Ukichelewa, hataona kwamba kadi ndiyo iliyoileta.

Sasa anaichukua mwenyewe, ananifuata nayo hadi jikoni! Ngoma za unyago zikipigwa jirani bado anagonga kichwa, ila kwa kuomba kitu ameacha. Tunaongeza kadi ya maji. Asanteni sana, hasa uliyesisitiza nisimchape.