Tupeane uzoefu: Wakristo wa Nairobi katika sikukuu za Kiyahudi, mpaka uko wapi?

Bwana asifiwe, wapendwa. Msimu wa Pasaka unapokaribia, baadhi ya makanisa yetu hapa Nairobi hutangaza chakula cha jioni "kama alivyokula Yesu", na ifikapo Septemba au Oktoba huja zamu ya kupiga baragumu na kujenga vibanda. Naomba tupeane uzoefu: ni nani amewahi kushiriki, alialikwa na nani, na ni wapi alipohisi kwamba amefika mpakani? Nitatangulia mimi.

Ninafundisha darasa la kipaimara. Mwenzangu kazini, ambaye ni Myahudi, alinialika nyumbani kwake Lavington usiku wa kwanza wa Pasaka yao. Mtoto mdogo kuliko wote aliuliza yale maswali manne kuhusu tofauti ya usiku huo na mingine. Tulichovya mboga katika maji ya chumvi kukumbuka machozi ya utumwani. Na mapigo kumi yalipotajwa, kila mmoja alichovya kidole katika divai yake na kudondosha tone moja sahanini kwa kila pigo, kwa kuwa, kama mwenyeji alivyonieleza, kikombe cha furaha hakipaswi kujaa ilhali Wamisri walikufa. Hagada, yaani kitabu cha utaratibu wa chakula hicho, ilipofika kwangu nilisoma fungu langu kama wengine. Sikuombwa kuongoza dua, wala sikutarajia kuombwa.

Baadaye nilihudhuria chakula cha namna hiyo kanisani. Mhubiri aliinua mkate usiotiwa chachu akasema kwamba matundu yake ni misumari na mistari yake ni viboko. Matundu hayo hutobolewa ili mkate usifure motoni. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho, na hivyo ndivyo ninavyofundisha. Lakini maelezo ambayo nisingethubutu kuyatoa mbele ya mwenyeji wangu, sioni kwa nini niyatoe juu ya mkate wake yeye asipokuwapo. Isitoshe, utaratibu wa Hagada ulikua baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, na Mishna, mkusanyo wa sheria simulizi za Kiyahudi unaotuonyesha umbo lake la awali, ilikusanywa karibu mwaka 200. Hatuwezi kudai kwamba Bwana wetu aliufuata hatua kwa hatua. Injili ya Yohana (18:28) hata inaonyesha kwamba alihukumiwa kabla Pasaka haijaliwa.

Mchangiaji wa Buruburu

Asante, Mwalimu, ingawa nina neno la kuwatetea wapishi. Chama cha akina mama kilinikabidhi jiko la Pasaka ya watoto. Nilikanda unga wa ngano kwa maji, nikausukuma na kuuchoma kwenye kikaango kikavu bila mafuta. Mboga chungu zilikuwa managu yaliyochemshwa bila maziwa ya kupunguza ukali. Kisha nikaponda tofaa, njugu na mdalasini kuwa mfano wa udongo waliojengea Waisraeli kule Misri. Najua kwamba kwa sheria ya Kiyahudi unga ukikaa na maji zaidi ya dakika 18 kabla ya kuingia motoni huhesabiwa kuwa umechacha, hata kama hakuna hamira iliyotiwa. Donge langu lilipumzika chini ya kitambaa kama donge la chapati yoyote, kwa hiyo kwa Myahudi mkate wangu haukufaa kabisa. Hilo halinisumbui, kwa sababu hatukujiita Wayahudi, hatukuvaa shali za maombi wala hatukusoma Hagada. Tulisoma Kutoka sura ya 12, watoto wakatafuna managu huku wamekunja nyuso, na wangali wanakumbuka. Ningepika tena mwaka ujao.

Mchangiaji wa Kayole

Ndugu zangu, sisi tumeshika sikukuu hizi tangu enzi ya wazazi wetu, na huwa tunakutana Naivasha kwa Sikukuu ya Vibanda. Siridhiki zinapoitwa za Kiyahudi tu. Mambo ya Walawi 23 inaziita sikukuu za BWANA, na Zekaria 14 inaona mataifa yakipanda kwenda Yerusalemu kwa ajili ya Vibanda. Hatumwigi mtu: hatuna rabi, hatuvai kofia zao, na anayefanya kazi siku hiyo hatumhukumu, kwa kuwa Warumi 14 imetukataza. Naomba tusichanganywe na wanaouza pembe za kondoo dume wakiahidi kwamba mlio wake utafungua milango ya visa na ndoa.

Mwalimu (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wa Kayole, nakuheshimu, na tofauti uliyoichora ni ya haki. Hata hivyo nakuomba uitazame historia kutoka upande wa Wayahudi. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliitenga Pasaka yetu na kalenda yao. Kule Antiokia, mwaka 386 na 387, padri Yohane Krisostomo aliwakemea Wakristo waliokuwa wakienda sinagogi wakati wa sikukuu, kwa maneno makali dhidi ya Wayahudi ambayo vizazi vya baadaye viliyageuza silaha. Mwezi Aprili 1903, siku ya Pasaka ya Wakristo, mji wa Kishinev, katika Dola ya Urusi, uliwashambulia Wayahudi wake kwa uvumi kwamba walimuua kijana Mkristo kwa ajili ya Pasaka yao. Makumi waliuawa. Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi Wakenya, kwa kuwa mwezi Agosti mwaka huohuo, huko Basel, Uswisi, Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, aliwasilisha pendekezo la Waingereza la kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu ziwe kimbilio lao, pendekezo lililokataliwa mwaka 1905. Wenyeji wa nyanda zile hawakuulizwa. Watu walioogopa kufungua milango yao majuma ya Pasaka wana haki ya kuulizwa kabla hatujaipamba madhabahu yetu kwa vitu vyao.

Mchangiaji wa Ngara

Mimi niliandika barua kwanza, kisha nikakubaliwa kuhudhuria ibada ya Sabato katika sinagogi iliyo pembeni mwa University Way na Uhuru Highway. Langoni nilionyesha kitambulisho, ndani nilifunika kichwa, na simu ilibaki imezimwa. Bahasha yangu ya sadaka ilikaa mfukoni, kwa kuwa siku ya Sabato hawashiki fedha. Hakuna aliyenihubiria, nami sikumhubiria mtu.

Mchangiaji wa Eastleigh

Mimi ni Mwislamu, na ninawasoma kwa makini. Majirani zangu Wakristo hufuturu nasi mwezi wa Ramadhani. Tunapoinuka kuswali Magharibi wao hubaki kwenye mkeka na tende zao, na hakuna anayeona vibaya. Nimealikwa kwenye Pasaka ya familia ya Kiyahudi, lakini vile vikombe vinne vya divai vinavyonywewa usiku huo ndivyo vinavyonizuia. Je, nikikataa nitawavunjia heshima?

Mwalimu

La, ndugu yangu. Waambie mapema tu. Juisi ya zabibu inakubalika kwa vikombe vyote vinne, na Wayahudi wengi wasiokunywa divai huitumia wao wenyewe.