Naomba ushauri: mama mtoro kwenye hadithi yangu, amwache mtoto anayenyonya?

Msimuliaji wa Usiku: Wadau salaam. Naandika hadithi ya kihistoria, mama mtumwa anatoroka shamba la mtama Malindi mwaka 1872 anakimbilia Frere Town, kijiji cha wamisheni Mombasa, sasa wiki ya tatu nimekwama sura ya nne. Ana watoto wawili, binti wa miaka 8 na wa kiume bado ananyonya. Wote wawili hawezi kuwachukua, njia ni zaidi ya kilometa 100 na wenye watumwa wanatuma watu kuwasaka watoro. Nataka amwache mdogo. Msomaji atamchukia? Nisaidieni, silali kwa sababu ya huyu mama.

Chumvi ya Pwani: Mdogo ndiye wa kubebwa kaka, mkubwa ana miguu yake. Mbeleko mgongoni, safari ianze.

Mama Mapacha: Mimi nilishasafiri na pacha wangu usiku kwenye basi wana miezi mitano, mmoja akilia mwenzake anamfuata, basi zima likawa linaniangalia mimi. Sasa huko porini mtoto akilia kawaua wote. Ila kaka yangu, akimwacha anayenyonya ujue siku ya pili titi linakuwa gumu kama jiwe, kaniki inalowa kifuani na homa juu. Nyie wanaume mkiandika hilo huwa hamliwazi.

Ustadh wa Kona: Mama haachi mtoto, nukta. Hadithi kama hizi mnawafundisha nini vijana?

Mzee Kumbukumbu: Mbona hujasema baba wa hawa watoto ni nani?

Msimuliaji wa Usiku: Baba si muhimu kwa sura hii mzee wangu.

Mzee Kumbukumbu: Ni muhimu kuliko yote. Sema.

Msimuliaji wa Usiku: Haya. Binti baba yake ni mtumwa mwenzake mama, wa shambani. Baadaye bwana akamfanya mama suria, huyu wa kiume ni wa bwana. Lakini nimeshaandika sura mbili za mbele ameondoka na binti, na sioni kama nimekosea, huyo mdogo ana baba mwenye nyumba na ardhi.

Mzee Kumbukumbu: Basi ulituuliza swali jingine kabisa. Mtoto wa suria, baba akimkubali, ni muungwana, yaani mtu huru, na anarithi pamoja na nduguze. Na mama akishamzalia bwana hauzwi tena, bwana akifa anakuwa huru, ndivyo sheria ilivyosema hata kama si wote walioifuata. Asiye na kinga pale ni binti. Huyo ni mzalia, mtumwa wa kuzaliwa, anauzika kesho asubuhi akavushwe Pemba kwenye karafuu. Mama angekaa angesitirika yeye na mdogo, anatoroka kwa ajili ya mkubwa. Na usione usuria ni jambo dogo, Zanzibar na Pemba walipoondoa utumwa kisheria 1897 masuria waliachwa nje, ikawa mpaka 1909.

Ustadh wa Kona: Hapo kweli pagumu. Angalau angemuaga.

Jicho Kali: Samahani, mimi naona tunachezewa hapa. Mkataba wa Sultan Barghash wa kufunga soko la watumwa Zanzibar ni 1873, na Frere Town imekuja baada ya hapo. Mwaka 1872 huyo mama alikimbilia kijiji ambacho hakipo? Na nani anakosa usingizi wiki tatu kwa mtu wa kubuni? Umeokota hadithi mahali ukaipaka rangi.

Msimuliaji wa Usiku: Mwaka niliuweka mimi, Frere Town pia, hapo nakubali. Mengine sikubuni. Yule binti ndiye aliyemzaa bibi yangu. Bibi alisema tu walikimbilia kwa wamisheni, mdogo wa kiume akabaki Malindi, na baadaye mama mtu akapewa karatasi. Sikutaka kuyasema kwa sababu uzao wa huyo wa kiume upo, tunakutana misibani tunasalimiana vizuri, sijui kama wanajua.

Jicho Kali: Kila mtu humu ana bibi. Karatasi gani?

Mzee Kumbukumbu: Mimi hiyo karatasi ndiyo inanifanya nimwamini. Tarehe 1 Januari 1889 pale misheni ya Rabai karibu na Mombasa, George Mackenzie wa ile kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki aligawa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa misheni, wenye watumwa wakalipwa fidia. Msogeze mama yako 1888, mpeleke Rabai, njiani apite Fuladoyo kwa watoro wenzake.

Mama Mapacha: Ngoja kwanza. Kwa hiyo yule bwana huenda alilipwa pesa kwa mama wa mwanawe mwenyewe, na mtoto kabaki naye?

Msimuliaji wa Usiku: Dada, hilo sikuwahi kulifikiria, limenikata maini. Mwaka nabadilisha, Rabai nabadilisha. Mtoto anabaki Malindi.

Chumvi ya Pwani: Na wale ndugu wa misibani utawaonyesha kabla hujaitoa?

Msimuliaji wa Usiku: Kuna mmoja wa rika langu nitamtafuta, naogopa lakini nitamtafuta. Leo narudi kwenye ile kaniki ya Mama Mapacha. Bibi alikuwa akisema mama yake alikumbuka kitu kimoja tu cha ile safari, kwamba mama yao alikuwa anasimama njiani anageukia mti anakamua maziwa chini kwenye majani, na yeye akawa anamuuliza mbona unayamwaga. Nilidhani ni maneno ya uzee, hata sikuyaandika.