Tupeane uzoefu: mlioishi jirani na jeshi la nchi rafiki

Mwanzisha mada (Dar)
Wakuu, swali la nchi ndogo kutegemea jeshi la mkubwa tumewaachia wachambuzi wa kwenye TV. Nataka kuwasikia walioliona mlangoni. Naanza na babu, aliyekuwa akiishi karibu na kambi ya Colito, siku hizi Lugalo. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi: nyongeza ya mshahara, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu, na ikabidi Mwalimu Nyerere awaombe msaada Waingereza walewale. Alfajiri ya tarehe 25 makomandoo wakashuka kwa helikopta kutoka kwenye manowari. Mwalimu hakuficha kuwa ni fedheha. Baadaye Wanajeria wakashika zamu, na Septemba likaundwa jeshi jipya, JWTZ. Babu alikuwa akisema helikopta zile alizichukia na kuzishukuru siku ileile.

Mchangiaji wa Goma
Miye nimezaliwa humu, majeshi ya marafiki nimeyachoka kuhesabu. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia mjini na helmeti za bluu za Umoja wa Mataifa zipo. 2013 ikaja brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na hapo kweli M23 walipigwa. Watanzania tuliwapenda zaidi, unabishana nao bei ya mandazi kwa Kiswahili! Mwisho wa 2022 Wakenya wakaja kwa bendera ya Afrika Mashariki. Kinshasa ikalalamika kwamba hawapigani, Desemba 2023 wakaondoka. Wakaja wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Januari 2025 mji ukaanguka tena mikononi mwa M23, nao wakabaki wamefungiwa kambini. Miezi mitatu baadaye wakaanza kuondoka kwa malori, tena kupitia Rwanda. Mama yangu bado ana daftari la madeni ya mandazi, sitaji ya askari wa nchi gani.

Mchangiaji wa Masaka
Hata mkubwa mwenyewe huingia mkenge. 1979, kwenye vita vya Amin na Tanzania, Gaddafi wa Libya alimletea Amin askari hapa Uganda. Mzee wetu aliwaona pale Lukaya, vijana wa jangwani katikati ya kinamasi cha mafunjo, usiku, hawajui hata barabara inaelekea wapi. Wengi walifia pale. Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Mchangiaji wa Nanyuki
Huku Waingereza wanakuja kufanya mazoezi tu. Mimi naendesha teksi: wakija karo inalipika, wakirudi kwao nakaa stejini nikisoma gazeti. Siasa yao siijui, tarehe zao nazijua.

Mwanzisha mada
Wa Goma, nimekusoma mara mbili. Baada ya yote hayo, ungeshauri wageni waitwe tena, au basi?

Mchangiaji wa Goma
Mchana nitakuambia basi, tujenge jeshi letu, lilipwe kwa wakati. Usiku risasi zikianza upande wa Sake, usiniulize. Usiku namwita yeyote.