Kutoa wiki ya ofisi kuwa PDF: dw2pdf, Pandoc au brauza?

Mkazi_Likoni: Assalaam aleikum wenzangu. Mwongozo wote wa ofisi yetu ya uwakala wa forodha uko kwenye wiki, yaani tovuti ya ofisi ambayo wenyewe twaihariri. Ijumaa yatakiwa PDF moja ya kuchapisha, ipelekewe makarani walioko Kilindini. Nitumie Pandoc, programu ya kubadili aina za faili, au nichapishe kwa brauza?

FundiSeva: Wa aleikum salaam. Wiki gani? Kurasa ngapi? Yahitaji nenosiri kusoma? Hujasema lolote, ndugu.

Mkazi_Likoni: Samahani. DokuWiki, kurasa kama 140. Nenosiri lipo.

BintiKisauni: Basi dw2pdf, plagini ya DokuWiki ya kutoa PDF, usihangaike. Iweke kupitia kisimamizi cha plagini, uongeze na Bookcreator: wachagua kurasa, wazipanga, watoa faili moja.

Kizingo_K: Mimi nashikilia kuchapisha kwa brauza ya Chromium. Jedwali latoka vile vile ulionavyo.

FundiSeva: Kwa wiki ya nenosiri? Skripti ya kuiamuru Chromium kwa --print-to-pdf itakupa mafaili 140 yenye ukubwa mmoja. Fungua la kwanza: fomu ya kuingia. La pili: fomu ya kuingia. Chromium ya skripti haina kuki za brauza yako, zinazokumbuka kuwa umeingia. dw2pdf hutoa ukiwa umeshaingia. Ila mPDF, maktaba ya kutengeneza PDF iliyo ndani yake, hula kumbukumbu ya seva. PHP, lugha inayoendesha DokuWiki, ikibaki na memory_limit (kikomo cha kumbukumbu) ya 128M, kitabu chenye picha nyingi chaweza kukatika na ukaona ukurasa mweupe tu. Weka 512M, na max_execution_time (kikomo cha muda) itoke sekunde 30 iwe 300. Majedwali mapana nayo hubanwa yaenee A4, herufi zikawa kama sisimizi. Hayo yatoe kwa karatasi ya kulala (landscape).

Kizingo_K: Na Pandoc?

FundiSeva: Yasoma DokuWiki kwa -f dokuwiki, lakini haizijui alama za plagini kama WRAP, na PDF yake kwa kawaida yataka LaTeX, programu nyingine ya kupanga chapa.

BintiKisauni: Kubwa kuliko yote ni tarehe. Viwango vya ushuru hubadilika, karatasi haibadiliki. Nakili folda ya tpl/default ya dw2pdf uipe jina lako, kisha kwenye footer.html, faili la maandishi ya chini ya ukurasa, utie @DATE@ ili tarehe ya kutoa PDF ichapwe. Ukihariri default yenyewe, sasisho litafuta kazi yako.

Kizingo_K: Kwa nini karatasi basi? Wapeni simu wasome wiki.

BintiKisauni: Mtandao ukikatika karani asome nini?

Mkazi_Likoni: Seva ni ya kukodi, php.ini, faili la mipangilio hiyo ya PHP, siwezi kuigusa.

FundiSeva: Gawa vitabu vitatu, kila kimoja kurasa 50 hivi, uviunganishe kwa programu ya qpdf.

Kizingo_K: Ukiviunganisha, nambari za kurasa zitaanza upya mara tatu.