Kuzamia Ghuba ya Mnazi mwezi wa nane: maji ya saa ngapi?

Chewa_Mkubwa
Wakuu, heshima kwenu. Nina cheti cha mita 18, mtungi wangu wa hewa ni lita 12. Agosti nipo Mtwara, nataka kuzama mara mbili kwa siku moja upande wa Msimbati. Nasikia mkondo wa pale si wa mchezo. Nipangeje? Na kusi haichafui maji?

Boya Jekundu
Mkuu, ogopa bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) kuliko kusi. Bamvua pale maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakianza kupwa, mkondo wa Msimbati unakuvuta kuelekea bahari kuu, tena umebeba tope la mikoko, kuona nako shida. Subiri maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo: siku ya 8 hadi 10 au 23 hadi 25 ya mwezi mwandamo. Siku hizo hujaa kama saa 4 asubuhi, ila dakika kamili zisome kwenye jedwali la maji. Shuka nusu saa kabla hayajajaa, maji safi ya nje yakiwa bado yanaingia.

Huko chini tazama samaki wadogo. Wakigeuza vichwa vyote upande mmoja na kujibana kwenye matumbawe, mkondo umeshaanza. Usishindane nao kwa mapezi, utamaliza hewa. Toa boya lielee juu, boti ikuone na kukufuata. Nanga isishushwe kabisa: inavunja matumbawe, na hapo ni hifadhi ya bahari tangu 2000. Ushuru na kibali malizana na watu wa hifadhi mapema.

mtungi12
Hesabu ya hewa. Mtungi uliojaa una shinikizo la baa 200; mara lita 12 ni lita 2,400 za hewa. Acha baa 50 za akiba, zinabaki 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, kwenye mita 18 anavuta 56, maana shinikizo ni mara 2.8. Hiyo ni dakika 32 tu, na kwenye mkondo hazifiki. Anza kurudi mtungi ukifika baa 100. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3.

Mzamo wa pili uwe mita 10 hadi 12, mbali na mlango wa ghuba, baada ya saa nzima juu.

Boya Jekundu
Nyongeza: mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huelea. Pima risasi (vyuma vya uzito) za mkanda ukiwa na baa 50, si mtungi umejaa, la sivyo kusimama kwenye ile mita 5 kutakushinda.

Na yule samaki wa mistari myekundu mwenye mapezi marefu, usimguse. Akikuchoma, loweka kwenye maji ya moto kama nyuzi 45, uende hospitali.

Chewa_Mkubwa
Shukrani wakuu. Ndege yangu ya Dar ni Jumatatu saa 2 asubuhi.

mtungi12
Basi Jumapili saa 8 mchana uwe umeshatoka majini. Baada ya mizamo miwili unasubiri muda wa saa 18 kabla ya kupanda ndege.