Mnaouza jaketi feki kama oriji hapa Mwanza, mnajua wanaozivaa wanaenda nazo wapi?

Wakuu salaam. Nina hasira hapa nilipo hata kuandika vizuri siwezi, mnivumilie.

Mdogo wangu anavua dagaa Ukerewe. Wanaojua dagaa wanajua, giza likiingia jamaa wanalala ziwani na taa zao mpaka alfajiri, mwezi ukiwa mkubwa ndo wanapumzika, na vuli hii mvua ikikukuta katikati ya maji huna pa kujibanza. Nikaona kwenye status ya muuzaji mmoja wa hapa mjini jaketi mpya ya The North Face, ina kikaratasi kinaning'inia kimeandikwa Gore-Tex, "oriji toka Marekani ofa ya mwisho", 85,000. Nikamuuliza mara mbili, kaka haipitishi maji? Akaapa. Akanitumia na video anaimwagia maji yanateleza kama kwenye jani la gimbi. Nikalipa, nikaituma kwa meli ya Nansio.

Mvua ya kwanza tu dogo kaloa mpaka fulana ya ndani. Wamerudi mwaloni anatetemeka hawezi hata kuongea, wenzake ndo wamemfunika turubai. Nampigia muuzaji ananijibu "sasa bosi kwa 85,000 ulitegemea nini?" Yaani alikuwa anajua! Alijua toka siku anaapa. Halafu akaniblock.

Jaketi ikarudi, nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi cherehani pale Makoroboi. Nembo hata hakuiangalia, kaigeuza ndani nje akawa anapitisha kidole kwenye mishono. Akaniambia mwanangu, sindano popote ilipopita imeacha tundu, koti la mvua la kweli mishono yote inazibwa kwa ndani na tepu inayogandishwa kwa moto. Yangu haina tepu hata kipande. Na Gore-Tex ni utando mwembamba sana unaobanwa na kitambaa, vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unatoka, sasa kwenye hii hakuna utando wowote, ni polista tupu na wavu kwa ndani. Ile video ya maji kuteleza ni dawa tu imepuliziwa juu, hata mwamvuli wa bei rahisi unafanya hivyo wiki ya kwanza. Kwahiyo msidanganywe na kumwagiwa maji, geuzeni mshono!

Nimerudi nyumbani nikaanza kuichunguza, kila nikiangalia hasira inapanda. Nembo ya The North Face ni ule mlima wa Half Dome kule Yosemite, California, mistari yake inatakiwa iwe imekatika safi, yangu nyuzi zimeshikana na herufi zimebanana kama zinagombania nafasi. Lebo ya ndani ina namba ya RN, yaani namba ya kutambua kampuni, hiyo Marekani wanasajili na mtu yeyote anaitafuta bure kwenye tovuti ya tume yao ya biashara FTC, nimeiingiza ikaleta kampuni nyingine kabisa. Zipu imeandikwa YKK, kampuni maarufu ya zipu, lakini hilo lisikupe moyo, hata YKK yenyewe inafojiwa.

Na nyie wa majaketi ya kuvimba ya bodaboda yaliyodariziwa 700 mkononi, hiyo 700 maana yake aunsi moja ya manyoya ya bata inavimba mpaka inchi za ujazo 700. Ibonye uiachie, manyoya yanarudi taratibu yanajaa, ukibonya ukakuta madonge hiyo ni sufi ya mto wa kulalia.

Kinachoniuma zaidi, siku hiyohiyo ningeshuka Mlango Mmoja nikachambua mtumba kwa jasho langu, pengine ningepata ya kweli iliyochakaa kola kwa 25,000, maana ile imevaliwa na mtu huko kwenye baridi kabla haijaingia kwenye robota. Feki zipo na kwenye mtumba sikatai, ila mtumba unaushika, unaugeuza, hakuna anayekuapia. Mpya yenye kikaratasi kwa 85,000 wakati kwao yenye Gore-Tex ni mamia ya dola, hapo ndo nilitakiwa kushtuka.

Jumatatu naipeleka FCC, ile Tume ya Ushindani, wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza, na Sheria ya Alama za Bidhaa ipo toka 1963. Nina meseji zote, nina muamala, nina na ile video yake. Aliyeuziwa kwa staili hii anicheki PM tuende wengi.

Na giza linarudi wiki ijayo, dogo lazima aingie. Mwenye kujua wanapouza yale makoti ya mpira mazito ya wavuvi maeneo ya Kirumba aniambie na bei.