Kobe, kenge na mijusi: kweli wanacheza? Tupeane uzoefu

Jabali_Kirumba (mwanzisha uzi)
Wakuu, salamu. Kila ikipita video ya kobe anayesukuma mpira, watu wanagawanyika: hawa wanasema anacheza, wale wanasema ni njaa. Tupeane uzoefu, ila kwa sharti moja: visa vya "wangu anaijua sauti yangu" tuviweke kando. Leta joto la banda, ukubwa wa kifaa, kinachoharibika na kwa nini. Kingine, hawa ni wanyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hawafugwi bila kibali. Asiye nacho asome tu, asiende kuokota kobe njia ya Magu.

Daftari_la_Banda
Tuanze na kipimo, vinginevyo tutabishana mpaka kesho. Gordon Burghardt wa Marekani, ambaye kitabu chake kuhusu mchezo wa wanyama kilitoka 2005, aliweka masharti matano. Tendo lisiwe na faida ya papo hapo, yaani si kula, si kukimbia adui, si kutafuta jike. Mnyama alianze mwenyewe. Litofautiane na tendo la kweli, ama kwa kuachwa njiani au kwa kutiwa chumvi. Lirudiwe, lakini si kwa namna ileile kama mashine. Na mnyama awe mzima, ameshiba, hana hofu. Likikosekana moja, usiite mchezo.

Kwa reptilia (kobe, kenge, mijusi na jamaa zao), sharti la nne na la tano ndiyo yanayoangusha video nyingi. Kobe anayekwangua ukuta kutwa nzima anatafuta njia ya kutoka. Banda ni dogo, au kuna dume mwenzake upande wa pili. Mzibe asione nje kwa bati la sentimita 40 kwenda juu, na mara nyingi tabia hiyo itapungua.

Mfano unaotajwa sana ni Pigface, kobe wa maji mwenye gamba laini wa aina ya Mto Nile, aliyekaa miaka mingi peke yake kwenye bustani ya wanyama ya taifa kule Washington. Alikuwa akijikwaruza shingo na kujiumiza. Walipomwekea mipira, vijiti na bomba la maji, akawa anatumia sehemu kubwa ya muda wake navyo, na kujiumiza kukapungua. Ripoti ilichapishwa 1996.

Mama_Magamba (Buswelu)
Mkuu Daftari, hapo ongeza joto, maana ndiko majaribio mengi yanakofia. Reptilia hatengenezi joto lake mwenyewe kama mbuzi. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai zinapoa kweli. Ukimwekea kobe mpira saa moja asubuhi akakaa kimya, ulichopima ni baridi, akili yake hujaigusa.

Kobe wa nchi kavu apate sehemu ya kuota jua yenye nyuzi 32 hadi 35, na kivuli kisichozidi 28. Kenge anataka zaidi: uso wa jiwe analoota ufike 50 hivi, lakini awe na mahali pa kulikimbia. Kipimajoto cha kuelekeza, kile kinachopima bila kugusa, ukielekeze kwenye jiwe na kwenye gamba. Hewa ya banda haikuambii kitu. Mawe bapa tunayo ya kumwaga mji huu, tandika mawili au matatu yanayopata jua la asubuhi. Usiweke mnyama kwenye boksi la kioo juani, hata kwa dakika chache za kurekodi. Ndani joto hupanda haraka na anakufa.

Fundi_Uzio (Nyegezi)
Jaribio la mpira kwa kobe, hatua kwa hatua.

Mlishe majani saa mbili asubuhi, na jaribio lianze saa nne na nusu akiwa ameshiba na amepata joto. Kobe mwenye gamba la sentimita 30 anafaa mpira wa kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, mzito kiasi cha kutosukumwa na upepo wa ziwani. Rangi iwe kijivu au bluu. Nyekundu na njano ziache kwanza, kwa sababu kobe huziendea akidhani ni tunda au ua. Osha mpira kwa sabuni, suuza sana, na usiushike ukiwa umetoka kumenya embe. Kando yake weka jiwe lenye ukubwa uleule. Jiwe ndilo la kulinganishia: akiligusa sawasawa na mpira, basi anakagua tu vitu vipya.

Simu iwe chini usawa wa goti, wewe usionekane. Dakika 20 zinatosha, kisha ondoa kila kitu. Rudia baada ya siku mbili. Mpira ukikaa bandani wiki nzima unageuka kuwa samani, hataujali tena.

Unapohesabu, tenganisha kunusa, kung'ata, kusukuma na kurudi. Kung'ata kwa mdomo wazi ni chakula. Kinachonishawishi mimi ni kurudi: ameuacha, amekwenda zake, hakuna harufu, kisha amegeuka akaufuata. Dume akigonga kwa ncha ya gamba iliyo chini ya shingo, halafu akajaribu kupanda, hapo hakuna mchezo, ni mambo ya ndoa. Hamisha jike mbali kabla ya kurekodi.

Kijana_wa_Saanane
Na wale mijusi wa kwenye mawe, wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu? Wanapiga push-up kutwa!

Daftari_la_Banda
Hao ni *Agama mwanzae*, jina limetokana na mji wetu. Dume anapoinua na kushusha kichwa anatangaza eneo lake. Ni kazi hiyo.

Kenge_na_Dagaa (Sengerema)
Kwa kenge hatari ni kumeza. Kila kifaa kiwe kikubwa kuliko kichwa chake. Sponji, puto, mfuko wa plastiki na vipande vya nyavu marufuku. Uzi wa nyavu ukiingia tumboni unakunja utumbo.

Tumia bomba la plastiki la inchi 4, urefu sentimita 40, lenye matundu yaliyosuguliwa kwa msasa yasimkate. Siku ya kwanza tia dagaa ndani. Atalibingirisha na kuingiza kucha, lakini hilo bado ni windo. Siku nyingine lete bomba jipya, lililooshwa, tupu. Akilibingirisha lile tupu, akaliacha, akalirudia, una hoja. Joka wa Komodo (kenge mkubwa wa Indonesia) aitwaye Kraken, wa bustani hiyohiyo ya Washington, alirekodiwa akichezea viatu na ndoo bila kuvifanya chakula, kwa hiyo kwa ukoo wa kenge hili si ajabu.

Koo likivimba, akafoka au mkia ukichapa, toa kifaa na uondoke. Hakuna jaribio hapo.

Mama_Magamba
Kobe wa maji: tangi lisipungue lita 200, maji nyuzi 24 hadi 28, na jiwe la kupandia. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima dawa ipungue. Maji ya ziwani yakae saa 48 bila konokono ndani ndipo uingize mkono. Kichocho hakiangalii kama ulikuja kwa utafiti. Kifaa rahisi ni bomba la bustani linalotiririsha polepole. Angalia kama anaogelea kuingia kwenye mkondo, anatoka, anarudi. Halafu funga bomba. Akiendelea kuzunguka palepale, alikuwa anatafuta chakula kinachokuja na maji.

Vifaa visioshwe kwenye sinki la jikoni, reptilia hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Watoto chini ya miaka mitano wasiwashike kabisa.

Kijana_wa_Saanane
Kobe akipeleka mpira kona ileile kila mara, inahesabika?

Fundi_Uzio
Bado, mdogo wangu. Mwaga ndoo ya maji katikati ya banda uone yanaelekea wapi. Yakienda kona hiyohiyo, sakafu ina mteremko na mpira unajiendea wenyewe. Sawazisha kwa mchanga, shindilia, kisha anza upya na jiwe lako pembeni.